Shamba la Alizeti na Wimbo Wetu

Mimi ni mwanamke wa Mwankoko, Singida. Ni mkulima. Ninalima alizeti, uwele na mtama. Nina kuku na mbuzi wachache. Nimezaa watoto sita, na sasa nina wajukuu.

Pia mimi ni mwimbaji. Katika kikundi chetu cha ngoma mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo. Wenzangu wanaitikia.

Leo nataka kuwaeleza habari za wimbo mmoja. Tuliuimba tarehe 8 Machi, 2008. Siku hiyo ni Siku ya Wanawake Duniani. Baada ya wimbo huo mume wangu hakunisemesha kwa miezi mitatu. Tulikaa nyumba moja. Nilipika, akala. Nilimsalimu asubuhi, akaitikia kwa koo tu. Lakini maneno hayakutoka.

Kwanza niwaeleze jinsi ngoma yetu ilivyoanza.

MADUMU YA MAJI

Siku hizi visima virefu vya Mwankoko vinapeleka maji mpaka mjini Singida. Zamani sisi wa Mwankoko tulikuwa tunafuata maji kwa miguu. Tulitoka alfajiri. Kisimani tulikuta foleni. Mwanamke wa kwanza alichota, wa pili akachota, kisha maji yakapungua. Ikabidi tungoje mpaka yajae tena. Saa mbili zikapita, saa tatu zikapita.

Mtu akingoja hivyo atafanya nini? Tulizungumza. Tulisukana nywele. Halafu siku moja mwenzetu mmoja alianza kupiga dumu lake kwa viganja. Mwingine akapiga lake. Dumu tupu la lita 20 lina sauti nzito. Dumu lenye maji nusu lina sauti nyembamba. Ukiyapiga yote mawili pamoja, ni ngoma kamili. Tukaimba. Foleni ikawa fupi.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Baadaye tukasema, kwa nini tuimbie kisimani tu? Tukapanga siku. Tulichagua Jumamosi alasiri, chini ya mti, karibu na shule. Tulikuwa wanawake 9. Mwisho wa mwaka tulikuwa 22.

Tulikwenda kwa wazee kuazima ngoma. Wanaume walikuwa na ngoma zao nzuri. Wakatunyima. Mzee mmoja alituambia kwamba ngoma ikipigwa na mwanamke ngozi inapasuka. Alisema huku anacheka. Sisi hatukucheka.

Basi tukatengeneza ngoma yetu wenyewe. Baba mkwe wa mwenzetu alitupa mzinga wa nyuki uliochakaa. Mnajua sisi watu wa Singida tuna mizinga mingi ya magogo. Gogo la mzinga tayari lina tundu ndani, kwa hiyo kazi ya kuchonga ilikuwa ndogo. Tulinunua ngozi ya mbuzi. Tuliiloweka usiku mmoja, tukaondoa manyoya kwa kisu, tukaiwamba ikiwa bado mbichi. Tukakaza kwa kamba. Kisha tukaianika kwenye jua kali la mchana kutwa.

Ngozi ikapasuka!

Yule mzee alicheka wiki nzima. Lakini kosa halikuwa la mwanamke, lilikuwa la jua. Ngozi ya pili tuliianika kivulini, pole pole, siku nne. Ngoma hiyo tunayo mpaka leo. Tumebadilisha ngozi mara kadhaa tu. Na yule mzee alipokufa, sisi ndio tuliopiga ngoma kwenye matanga yake. Watoto wake ndio waliotuomba.

Kila mwanachama alitoa shilingi 200 kwa wiki. Mtu akifiwa tulimpelekea unga, sukari na nguvu zetu. Mtu akijifungua tulimchotea maji. Fedha zilizobaki tulinunua kanga za sare. Daftari la fedha nililitunza mimi, kwa sababu najua kusoma na kuandika.

Kusoma nilijifunza katika kisomo cha watu wazima mwaka 1974. Nilikuwa msichana mkubwa, sikuwahi kupelekwa shule. Miaka ile nchi nzima ilikuwa inasoma. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1975 walikuwa wamebaki 39 katika kila 100. Mimi nilikuwa mmoja wa waliovuka. Tulisoma jioni, baada ya shamba. Taa ilikuwa moja, na moshi wake uliingia wote puani mwangu kwa sababu nilipenda kukaa mbele.

WANAWAKE WA NGOMA WALIOTUTANGULIA

Katika kikundi chetu kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa mwanachama wa UWT tangu ujana wake. Tulipochoka, au waume walipotuambia kwamba ngoma ni upuuzi, bibi huyo alitueleza habari za Bibi Titi Mohamed.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alikuwa mwimbaji. Alianzisha nyimbo katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai, 1954, na mwanzoni wanawake hawakuwamo. Mwaka 1955 Bibi Titi akapewa kazi ya kuongoza wanawake. Alifanya nini? Hakuanza na barua. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake pale mjini. Vikundi hivyo vilikuwa na siku zao za kukutana. Vilikuwa na viongozi, na vilikuwa na mifuko ya kusaidiana. Ndani yake walikuwamo wanawake wa makabila mbalimbali, wanaofahamiana. Kiongozi wa ngoma akikubali, kikundi chake kinamfuata. Katika muda wa miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa na kadi za TANU. UWT ilipoanzishwa mwaka 1962, Bibi Titi alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza.

Bibi yetu alipofika hapo alikuwa anapiga goti lake kwa kofi. Husema, "Sasa mwambie mumeo kwamba ngoma ni upuuzi."

Mimi sikumwambia mume wangu. Lakini nilifurahi kujua kwamba mwanamke huyo alikuwa mwanzishaji wa nyimbo kama mimi.

Pia alitusimulia habari za Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyezaliwa kijiji cha Fumba. Siti alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake katika santuri. Wimbo wake mmoja unaitwa Kijiti. Ni habari ya mwanamke aliyeuawa kweli Unguja. Mwuaji alikimbia, na watu waliokwenda kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Siti akaimba habari hiyo, na jina la mwuaji akalitaja. Watu wote wakalijua.

Kumbukeni hilo la kutaja jina. Nitalirudia.

SHAMBA

Mwezi Machi 2007 mdogo wake mume wangu alifariki dunia. Aliacha mke na watoto watatu, wasichana wawili na mvulana mdogo wa miaka 7. Mke wake namwita mdogo wangu, naye ananiita dada. Tuliolewa katika ukoo mmoja, tumechota maji kisima kimoja, na katika ngoma yeye husimama kulia kwangu.

Walikuwa na shamba la ekari 3. Alizeti ilikuwa imesimama, vichwa vikubwa. Yeye na marehemu walilima pamoja, wakapalilia pamoja.

Tulipomaliza matanga, mume wangu alisema atasimamia shamba la mdogo wake. Watu waliona ni jambo jema. Hata mimi niliona ni jema. Alizeti ilipokauka alivuna yeye na vijana wake. Magunia yalikuwa 14. Mjane alipewa 2.

Magunia 12 yaliuzwa. Mwezi Agosti nyumba yetu iliezekwa kwa mabati.

Ndugu wasomaji, nitasema kweli. Miaka yote nilikuwa nataka nyumba ya mabati. Paa letu lilikuwa la udongo, na mvua ikinyesha nilikuwa nahamisha kitanda. Mabati yalipofika sikuuliza fedha zimetoka wapi. Nilijua. Mdogo wangu alikuja kunipongeza. Alitazama juu, akasema, "Dada, mmependeza." Nikamkaribisha uji. Sikuweza kumtazama machoni.

Mwezi Desemba mvua zilipoanza, mume wangu alipeleka ng'ombe wake akalilima lile shamba lote kama lake. Mjane alipouliza, aliambiwa kwamba hiyo ni mila. Mwanamke harithi ardhi.

Mwezi Januari 2008 ikaja karatasi. Mume wangu aliileta jioni pamoja na kidau cha wino. Aliniambia nimpelekee mjane aweke dole gumba. Alisema ni karatasi ya kuandikisha watoto wapate msaada. Nadhani alisahau kwamba mimi najua kusoma. Au hakusahau, bali alifikiri kwamba nitanyamaza kama nilivyonyamaza kwa mabati.

Nilisoma njiani. Niliketi juu ya jiwe, nikasoma pole pole, neno kwa neno. Karatasi haikusema lolote juu ya msaada. Ilisema kwamba mjane kwa hiari yake ameacha shamba la ekari 3 kwa shemeji yake, na hana madai yoyote, yeye wala watoto wake.

Moyo ulinidunda. Nikafika kwa mdogo wangu. Nikamsomea. Nikarudia mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini.

Hakuweka dole. Nilirudi nyumbani na karatasi tupu, nikamwambia mume wangu kwamba mjane hakumkuta wa kumshauri, kwa hiyo atangoje. Nilisema uongo. Niliogopa.

WIMBO

Jumamosi iliyofuata mdogo wangu alikuja kwenye ngoma na wimbo. Aliutunga usiku, peke yake. Ulikuwa wa Kinyaturu. Kwa Kiswahili mwanzo wake ni kama hivi:

Nililima na mume wangu, nikapalilia na mume wangu.
Mume amekwenda, jembe limebaki.
Jembe nimelishika. Shamba limekwenda wapi?

Wanawake walinyamaza. Halafu wakanitazama mimi.

Tulikuwa tumeombwa kuimba kwenye uwanja wa shule tarehe 8 Machi. Kiongozi wetu akasema huo ndio wimbo wa siku ile. Tukabishana mpaka jua likazama. Mmoja alisema tutaje jina, kama Siti binti Saad alivyotaja. Mwingine akasema tusitaje, ni aibu ya ukoo. Mdogo wangu ndiye aliyeamua. Alisema, "Msitaje. Watoto wangu ni wa ukoo ule ule. Watalibeba hilo jina."

Tukakubali. Lakini nani atauanzisha? Mimi niliomba aanzishe mwingine. Nilisema koo linaniuma. Kiongozi wetu alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Ukianzisha wewe, watu watajua ni kweli. Ukikaa kimya, watasema ni wivu wa mjane."

Wiki zile sikulala vizuri. Mvua za Februari zilinyesha usiku. Mabati yalipiga kelele juu ya kichwa changu.

Siku ya tarehe 8 Machi watu walijaa. Walikuwepo viongozi wa kata, walimu na wanafunzi. Wanaume walisimama nyuma, chini ya miti, na mume wangu alikuwa kati yao. Tulianza na wimbo wa kukaribisha wageni. Wa pili ulikuwa wa usafi wa choo, watu wakacheka. Wa tatu ulikuwa ule.

Nikaanzisha. Sauti ya kwanza ilikwama. Mpiga ngoma akaona, akazungusha tena mdundo kunisubiri. Nikaanza tena, ikatoka. Wenzangu wakaitikia. Mdogo wangu alicheza akiwa ameshika jembe. Lilikuwa jembe la kweli, la mumewe, mpini umekwisha. Hapakuwa na jina lakini watu wa Mwankoko si wajinga. Vichwa viligeuka vyote pamoja kutazama chini ya miti.

Mume wangu aliondoka kabla wimbo haujaisha.

MILA NA SHERIA

Baada ya ngoma afisa maendeleo ya jamii alikuja kuuliza wimbo ule ni wa nani. Tukamwambia. Akatueleza mambo mawili.

La kwanza, alisema, kuna Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999. Sheria hizo zinasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia.

La pili halikutufurahisha. Kuna kanuni za mila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963 kwa wilaya nyingi. Kanuni hizo zinasema mjane hana fungu lake katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Miaka ya baadaye nilisikia kwamba wajane wawili, mafundi cherehani kutoka Shinyanga, walipeleka malalamiko juu ya kanuni kama hizo mpaka Umoja wa Mataifa. Mwaka 2015 kamati inayoshughulikia haki za wanawake iliwapa ushindi, ikaitaka Tanzania ibadilishe kanuni hizo. Lakini mwaka 2008 sisi hatukuwa na habari hiyo. Tulikuwa na wimbo tu.

Aliyetusaidia zaidi ni mzee mmoja wa ukoo, ambaye hajui hata kuandika jina lake. Kikao cha ukoo kilipoitwa mwezi Aprili, mzee huyo alimwuliza mume wangu, "Unasema mila. Mila gani? Mila inasema mali ya marehemu ni ya watoto wake. Wewe ni mtoto wake?"

Mume wangu hakujibu.

Kikao kikaandika muhtasari. Kilimpendekeza mjane awe msimamizi wa mirathi kwa niaba ya watoto. Akaupeleka muhtasari Mahakama ya Mwanzo pamoja na maombi yake. Tangazo likabandikwa, watu wenye pingamizi waje. Hakuna aliyekuja. Mahakama ikamthibitisha. Mambo hayo yalichukua miezi, na nauli ya kwenda na kurudi mjini ilitoka katika mfuko wa kikundi. Nimeiandika mimi katika daftari.

Alizeti ya mwaka ule ilikuwa bado shambani. Wazee waliamua igawanywe, kwa sababu mume wangu alitoa ng'ombe na mbegu. Hapo niliona wametenda haki. Mwaka uliofuata mjane alilima mwenyewe, na sisi wanawake 21 tulikwenda kumsaidia kupalilia. Siku moja tu, ekari 3 zikaisha.

Mume wangu alianza kuongea tena mwezi Juni. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Chumvi imekwisha." Nikanunua chumvi. Hatujawahi kuzungumza juu ya wimbo ule mpaka leo, na sasa tumezeeka wote wawili. Lakini mwaka 2010 ngozi ya ngoma yetu ilipochoka, alichinja mbuzi kwa ajili ya wageni, kisha akaniletea ngozi. Aliiweka mlangoni, akaenda zake.

Yule mvulana wa miaka 7 sasa ni kijana mkubwa, yuko shambani na mama yake. Dada yake mmoja ndiye mpiga ngoma wetu wa sasa. Anapiga vizuri kuliko sisi wote. Hataki kusikia habari za madumu, anasema tulikuwa tunapiga kelele tu.

Limebaki jambo moja. Katika kikao cha ukoo wazee waliuliza, yale magunia 12 ya mwaka 2007 yalikwenda wapi? Mume wangu alisema yalimalizikia kwenye gharama za msiba. Wazee hawakuuliza zaidi. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, juu ya mkeka, na wanawake wengine. Sikufungua mdomo. Niliweza kuimba mbele ya watu wote uwanjani, lakini kwenye mkeka ule nilishindwa.

Kwa hiyo nalipa. Nilianza na kuku. Kisha nikapeleka mbuzi wawili, ndama mmoja wa sehemu yangu, na alizeti kidogo kila msimu. Mdogo wangu alikataa mara ya kwanza, tukasukumana na mbuzi mlangoni mpaka watoto wakacheka. Sasa anapokea. Mwaka jana aliniambia, "Dada, imetosha, tumemaliza."

Mimi nina daftari. Kwa hesabu yangu bado magunia 3.